Kalamu Rahisi ya Kuandikia Kila Siku

Katika vitu ambavyo watu hununua pasipo kufikiri, kalamu ni cha kwanza. Mwenye kununua viatu huvijaribu miguuni, mwenye kununua jembe huligonga kwa kidole apate kusikia mlio wa chuma chake, na mama anunuaye nyanya huzibonyeza moja moja mpaka mwuzaji akanuna. Lakini kalamu huokotwa tu juu ya meza ya duka, sarafu ikatolewa, na safari ikaendelea. Ikigoma siku ya tatu mwenyewe hucheka, akaitupa, akanunua nyingine kama ile ile. Nyanya iliyooza huharibu mchuzi wa jioni moja. Kalamu mbovu yaweza kuharibu karatasi ambayo mtu ataitafuta kwa machozi miaka 20 baadaye.

Karani mmoja wa serikali, mkaaji wa mtaa wa Jericho katika Eastlands ya Nairobi, amelitazama jambo hili kwa makini kuliko jirani zake, maana mkate wake watoka katika kuandika. Wako wadhanio ya kuwa kompyuta imekwisha kuwanyang'anya makarani kalamu. Wadhaniao hivyo na watembee siku moja kutoka Shauri Moyo mpaka Buruburu, wakihesabu mahali ambapo mtu huambiwa, "Andika hapa." Mlinzi wa lango ana daftari lake la wageni. Wakala wa M-Pesa, huduma ambayo ilianza mwaka 2007, amezoea kuwa na kitabu chake, na kalamu yake ameifunga kwa uzi juu ya meza isije ikaondoka na mteja. Mweka hazina wa chama cha akina mama ana kitabu cha michango. Mwalimu ana rejista, mganga wa zahanati ana kadi, na mwenye duka ana orodha ya wadeni, ambayo labda ndiyo yasomwayo kwa bidii kuliko vitabu vyote vya mtaa. Tena mtahiniwa wa KCSE hujibu maswali yake kwa mkono, saa mbili au zaidi mfululizo, na kalamu yake ikikauka katikati hapana wa kumhurumia.

Basi ni kalamu ipi inunuliwe na mtu ambaye shilingi zake zina kazi nyingine nyingi? Karani huyu hana shaka juu ya jibu la kwanza: ni biro, ile ya plastiki isiyo na mapambo. Lakini alipoulizwa na vijana wa mtaa sababu yake, hakutosheka kuwaambia kwamba ndiyo wanunuayo watu wote, maana watu wote hununua pia mambo ya kipuuzi. Aliwaeleza habari yake tangu mwanzo.

Wazee waliosoma katika shule za misheni zamani wakumbuka kalamu ya nibu na kidau cha wino. Mtoto alichovya, akaandika maneno matatu au manne, akachovya tena, na tone likimwangukia juu ya ukurasa alijua yatakayompata. Baadaye mtu aliyepata mshahara alijinunulia kalamu ya wino yenye tangi ndani yake, akaichomeka katika mfuko wa shati watu wote wamwone. Ilikuwa kalamu nzuri kwa mwenye meza, lakini wino wake ni maji, na maji hufuata desturi ya maji. Hutokwa yakitikiswa, hulowesha karatasi duni, tena hupanda na hewa. Msafiri aliyetoka Mombasa, penye usawa wa bahari, akiwa na kalamu iliyojaa nusu, alipofika Nairobi, mji ulio juu zaidi ya mita 1,600, huenda alikuta shati lake lina ramani ya buluu. Hewa iliyomo ndani ya tangi hutanuka kadiri mtu apandavyo, nayo huusukuma wino nje.

Aliyeishinda shida hii alikuwa mwandishi wa magazeti wa Hungaria, jina lake László Bíró, aliyezaliwa Budapest mwaka 1899. Alitazama jinsi wino mzito wa mitambo ya magazeti ukaukavyo upesi, akataka kuutia katika kalamu. Lakini wino mzito haushuki katika nibu. Dawa yake ilikuwa gololi ndogo mno iliyowekwa katika ncha, ikizunguka ndani ya tundu lake. Upande mmoja wagusa wino, upande wa pili wagusa karatasi. Wazo la gololi halikuwa geni kabisa, kwa kuwa Mmarekani John Loud aliliandikisha tangu mwaka 1888 kwa ajili ya kuandika juu ya ngozi, lakini wino wa kufaa hakuupata. Bíró alisaidiwa na ndugu yake György, akaiandikisha kalamu yake mwaka 1938, kisha vita vikamhamisha mpaka Argentina, ambako aliiandikisha tena mwaka 1943. Jeshi la anga la Uingereza lilizipenda kalamu hizo kwa sababu hazikuvuja huko juu angani. Mtu wa Kaloleni asemapo, "Niazime biro," hutaja jina la ukoo la Mhungaria huyo pasipo kujua. Waargentina wao huiita birome, na siku yake ya kuzaliwa, tarehe 29 Septemba, wameifanya kuwa siku ya wavumbuzi.

Hapo mwanzo haikuwa kalamu ya maskini. Mwezi wa Oktoba mwaka 1945, duka moja kubwa la New York lilianza kuuza biro za kwanza za Marekani kwa dola 12 na nusu moja, na watu walisukumana mlangoni. Nyingi zilikuwa mbovu. Aliyeishusha bei ni Marcel Bich wa Ufaransa, aliyepatana na Bíró juu ya haki zake, akatoa mwezi wa Desemba mwaka 1950 kalamu iitwayo BIC Cristal. Aliondoa herufi ya mwisho ya jina lake apate jina la kalamu, na ndilo hilo tulifanyalo "biki".

Hapa karani huishika kalamu yenyewe mkononi, maana hupenda watu waone. Mwili wake una pande sita kama penseli, ili isiviringike na kuanguka kutoka mezani. Ni mwangavu, ili mwenyewe aone wino uliobaki, jambo kubwa kwa mtahiniwa. Ubavuni mna kitundu kidogo ambacho wengi hudhani ni kasoro ya kiwanda. Kumbe chapitisha hewa, ili hewa ya ndani na ya nje ziwe sawa, na ile hadithi ya shati la Mombasa isirudi. Juu ya kifuniko mna tundu lingine, lililoongezwa mwaka 1991, ili mtoto akimeza kifuniko kwa bahati mbaya apate kuvuta pumzi wakati wa kupelekwa hospitali. Gololi yake ina upana wa milimita 1, nayo imefanywa kwa madini ya tangsteni, magumu sana. Kitu chenye mawazo mengi namna hiyo ndani yake huuzwa kwa bei ya andazi moja au mawili. Mwezi wa Septemba mwaka 2006 watengenezaji walitangaza kwamba zimekwisha uzwa milioni elfu mia moja.

Wala haitoki mbali. Kwa miaka mingi kalamu hizi zilitengenezwa Nairobi penyewe, na kampuni ya Haco, kwa idhini ya Wafaransa, na mwishoni mwa mwaka 2018 BIC wenyewe wakaichukua kazi hiyo. Kiwanda kiko upande wa Kasarani. Kalamu itumiwayo Makadara imesafiri safari fupi kuliko samaki auzwaye Gikomba.

Lakini wenye mali walipo, waigaji hawako mbali. Zimekuwako kalamu za bandia zenye umbo lile lile na kifuniko kile kile, na Kenya ina sheria ya kupinga bidhaa bandia tangu mwaka 2008. Sheria ni njema, ila mnunuzi wa kibandani hana wakili mfukoni. Yampasa ajisaidie mwenyewe. Karani huomba kipande cha karatasi, na mwenye duka akikataa huenda duka la pili. Haandiki jina lake, kwa sababu mkono umelizoea jina nao hulipitia upesi hata makosa ya kalamu yasionekane. Huchora namba 8 nyingi zilizofuatana pasipo kuinua mkono. Namba 8 hugeuka pande zote, na kama gololi haikukaa sawa, mstari utakatika mahali pale pale kila mara. Kisha huipitisha kidole juu ya maandishi baada ya kuhesabu mpaka tano. Kisha huigeuza kalamu itazame juu kwa muda, huku akizungumza na mwenye duka habari za mvua, halafu huandika tena. Mwisho hutazama ncha kama imekusanya donge la wino. Donge hilo ndilo lipakalo matone meusi katika herufi, na kalamu yenye donge tangu dukani haitapona nyumbani.

Mwenye duka mmoja karibu na soko la Burma alimwambia, "Bwana karani, wewe wanunua kalamu kama mtu anayeposa."

"Mchumba hunijibu asiponipendeza," akajibu karani. "Kalamu huninyamazia mpaka nifike kazini."

Jambo la bei alilipima kwa njia ambayo mkewe aliiona ya ajabu. Watengenezaji wasema ya kuwa BIC moja huandika mstari wa kilometa 2 au zaidi. Lakini kilometa 2 ni kurasa ngapi? Alitwaa uzi wa kushonea, akaulaza juu ya mstari mmoja wa maandishi yake mwenyewe, akifuata kila herufi, kila kitanzi na kila mkia, kisha akaunyoosha uzi ule na kuupima kwa rula. Ulikuwa karibu nusu mita. Basi kilometa 2 ni mistari 4,000, na kwa ukurasa wa mistari 25 ni kurasa 160. Kalamu ya shilingi 20 ikifika huko, kila shilingi imezaa kurasa 8. Alikuwa na nyingine isiyo na jina, ya shilingi 10, ambayo aliiandikia kurasa akizihesabu. Ilikufa katika ukurasa wa 37, na wino ungali umo ndani yake. Shilingi moja ya kalamu ile haikufikisha hata kurasa 4. Mkewe aliposikia hesabu hiyo aliacha kucheka, kwa maana yeye ndiye anunuaye kalamu za watoto watatu, na haba na haba hujaza kibaba.

Yawezekana msomaji ataona kwamba habari hii yote ni ya senti. Lau ingekuwa ya senti tu, isingestahili kuandikwa gazetini.

Katika mtaa huo akaa mama mmoja mzee, mjane wa fundi wa mawe, ambaye humwita karani "mwanangu" ingawa makabila yao ni mbalimbali. Nyumba yake ni ya kupanga, ya iliyokuwa Halmashauri ya Jiji, na tangu mwaka 2013 mwenye nyumba ni serikali ya Kaunti. Marehemu mumewe alikuwa mtu wa taratibu. Kuanzia mwaka 1984 mpaka alipofariki mwaka 2011, kila alipolipa kodi alirudi nyumbani, akafungua daftari moja gumu, akaandika kwa biro mwezi, kiasi cha fedha na namba ya risiti. Hakuziamini risiti peke yake, kwa kuwa karatasi ndogo hupotea. Baada ya yeye kufariki, mjukuu wa kike alichukua kazi hiyo. Alikuwa mwanafunzi mwenye mwandiko mzuri kuliko wa babu yake, akatumia kalamu za jeli zing'arazo, za buluu, ambazo wasichana wa shule huzipenda. Kurasa zake zilipendeza kutazama.

Zikaja mvua za masika za mwaka 2024, zilizofurika sehemu nyingi za Nairobi. Paa la nyumba lilivuja usiku juu ya sanduku la bati, na sanduku lilikuwa limeshika kutu pembeni. Asubuhi mama alimwita karani. Daftari lilikuwa limevimba kama mkate uliotiwa katika chai. Wakalifungua ukurasa baada ya ukurasa, wakiutenga kila mmoja kwa upole, wakaianika kamba nzima ya kurasa ndani ya chumba. Zile za marehemu zilikuwa zimekunjamana na kugeuka manjano, lakini kila tarakimu ilisomeka. Mahali palipokuwa na waa la kutu, karani aliuinamisha ukurasa mbele ya dirisha, na mwanga wa kando ukaonyesha mifereji iliyochimbwa na gololi, hata namba ikasomeka kwa kivuli chake. Kurasa za mjukuu zilikuwa wingu la buluu. Hapakuwa na neno.

Mama alizitazama kwa muda mrefu, akasema, "Mwanangu, maandishi ya aliyekufa yangali hai, na ya aliye hai yamekufa."

Risiti zenyewe hazikumsaidia. Za zamani zilikuwa zimeshikamana kama matofali. Za karibuni ni zile zitolewazo na mashine, ambazo kwa kweli hazina wino wowote. Karatasi yake imepakwa dawa igeukayo kuwa nyeusi ipatapo moto wa mashine, na kwa joto na mwanga na miaka michache hupauka mpaka ikawa nyeupe kama siku ilipozaliwa. Nyingi katika hizo zilikuwa zimekwisha kupauka hata kabla ya mvua.

Msomaji wa Eastlands hahitaji kuambiwa kwa nini jambo hili lilimnyima mama usingizi. Mitaa mingi ya zamani ya Kaunti, na Jericho ni mmojawapo, imetajwa katika mipango ya kubomolewa na kujengwa upya, na mtu wa kwanza kuulizwa karatasi ni mpangaji. Mama alikwenda katika ofisi iliyohusika, karani akimsindikiza siku mbili za kwanza. Afisa mmoja kijana, mwenye adabu, alizitwaa namba za risiti za marehemu, akazitafuta katika kumbukumbu zake, akazikuta moja baada ya moja. Kwa miaka 27 ya kwanza mama hakuwa na mashaka tena. Kwa miaka iliyofuata aliambiwa alete vipande vya benki. Akaenda benki, akaambiwa aandike barua; akaandika, akaambiwa arudi; nauli ya matatu ikaenda na kurudi naye. Mingine imepatikana na mingine haijapatikana hata sasa. Mjukuu, ambaye siku hizi ni mwalimu, hakulaumiwa na mtu ye yote, lakini mwenyewe asema kwamba hawezi kuiona kalamu inukiayo matunda bila kuona haya.

Tangu hapo karani hutoa shauri moja kwa kila apokeaye risiti ya mashine: geuza karatasi, andika nyuma yake kwa biro tarehe, kiasi na namba, palepale dirishani, kabla hujaikunja. Afadhali zaidi aandike katika daftari pia. Asibonyeze sana juu ya karatasi hizo, kwa kuwa upande wa mbele huchukia kukwaruzwa.

Haki yatutaka tusiisifu biro kupita kiasi. Wino wake ni mafuta yaliyotiwa rangi, ndiyo sababu maji hayauwezi, lakini spiriti yauweza sana. Mama aoshaye shati lenye waa la biro na ajue hivyo, apake spiriti kwanza kwa pamba, na sabuni baadaye. Akianza na sabuni waa litakaa. Mwizi wa hundi naye ajua hivyo hivyo, naye hutumia ujuzi huo kwa kazi mbaya. Kwa hundi, karani husifu kalamu ya jeli nyeusi iliyo nzuri, ile ambayo wino wake ni chembechembe za rangi zinazozama katika nyuzi za karatasi zisitoke. Kwa hiyo si kila jeli ni mbaya. Tofauti ni katika wino, na mnunuzi aweza kuijua kwa kuandika mstari mmoja, kuuacha ukauke mpaka kesho, kisha kuudondoshea maji. Jua nalo hufifisha rangi ya biro. Tangazo lililobandikwa dirishani kwa mwaka mzima litamwonyesha kila mwenye shaka. Karatasi za maana zakaa gizani, pakavu, juu ya kabati wala si chini ya kitanda.

Ziko pia kalamu za kufutika, ambazo nyuma zina kipira. Mwanafunzi hukisugua na kosa hutoweka. Aonavyo karani, hiyo ndiyo kalamu ya hatari kuliko zote katika nyumba ya mtu mzima, kwa sababu kinachofuta si kipira bali ni joto la kusugua. Kiasi cha digrii 60 hivi chatosha. Karatasi iliyoandikwa kwa kalamu hiyo ikiachwa katika gari lililofungwa juani, au ikilazwa chini ya pasi, hurudi kuwa nyeupe. Mtu aliyepewa hati ya kuuziwa shamba iandikwe kwa kalamu ya mwuzaji, na aombe kwa upole atumie ya kwake. Atakayeona tusi katika ombi hilo amekwisha jieleza yeye ni nani.

Kuhusu unene wa ncha watu hubishana sana, na hapana haja. Kwa karatasi laini ya ofisi, ncha nyembamba hupendeza na hutumia wino kidogo. Kwa daftari la bei nafuu, ambalo karatasi yake ina nywele, ncha nyembamba hukwaruza na kushika uchafu. Hapo milimita 1 ni bora. Mwenye kuandika kutwa na aishike kalamu kwa wima zaidi kuliko alivyofundishwa kuishika ya nibu, na asiikamue. Vidole vya makarani wengi vimeota sugu si kwa wingi wa kazi bali kwa kushika biro kama wanaoshika mkia wa nyoka.

Ikigoma, isichomwe kwa kiberiti kama wafanyavyo watoto, kwa kuwa ncha ni shaba na mwili ni plastiki, na plastiki itayeyuka kwanza. Wala mrija usipulizwe kwa mdomo. Kila darasa la Makadara na Mbotela limepata kuwa na mtoto mwenye ulimi wa buluu. Iviringishwe kati ya viganja mpaka ipate joto la mwili, kisha ichorwe duara chache juu ya soli ya kiatu cha mpira. Isipoamka hapo, imekwisha.

Mwezi wa Januari, shule zinapofunguliwa, nyumba tano za mtaa ule sasa huchanga fedha pamoja na kumtuma mmoja wao katika maduka ya jumla ya River Road, akanunue boksi zima lenye kalamu 50, ambalo halijafunguliwa. Kila nyumba hupata 10, kwa bei iliyo chini ya ile ya kibandani, na bandia si rahisi kuchanganywa ndani ya boksi lililofungwa. Safari ya kwanza palitokea ubishi juu ya rangi, maana boksi moja ni la rangi moja. Karani alitaka nyeusi, ambayo hutoka vizuri katika mashine ya kunakili. Baba wa nyumba ya pili, dereva, alitaka buluu, akisema kwamba kwa buluu mtu hutambua mara moja ipi ni hati yenyewe na ipi ni nakala, na kwamba yeye amepata kuonyeshwa nakala akiambiwa ndiyo hati. Walibishana mpaka chai ikapoa, na kila mmoja alikuwa na haki. Mama mzee, ambaye hana mtoto wa shule tena lakini alikuwa ametoa sehemu yake ya fedha, aliuliza kama buluu hiyo ni ile ya marehemu au ile ya mjukuu. Walipomwambia ni ile ya marehemu, akasema wanunue hiyo. Wakanunua buluu, na karani akajinunulia nyeusi zake mbili kando.